Waya wa breki Tanga: wa zinki au wa stenlesi?

Ukiishi Raskazone, upepo wa bahari unaila baiskeli hata ikiwa imeegeshwa ukumbini. Waya uliopakwa zinki ni wa bei nafuu. Zinki huukinga chuma kwa muda, lakini chumvi ikishaimaliza, kutu huanzia ndani ya kava, ule mrija unaoufunika waya, mahali usipopaona. Breki inakuwa nzito. Unaachia mkono, mipira bado imeng'ang'ania rimu. Wangu wa nyuma nilipouchomoa ulitoka na unga mwekundu, nyuzi mbili zimekatika karibu na kichwa. Nilikuwa nampakia mwanangu kwenye baiskeli hiyo kila asubuhi.

Stenlesi huvumilia chumvi zaidi na huteleza vizuri. Mimi nachagua huo, hasa kwa breki ya nyuma, maana njia yake ni ndefu.

Ila waya mzuri hauponyi kava mbovu. Kava ya breki, milimita 5, ina chuma kilichojizungusha kama springi. Ile ya gia, mara nyingi milimita 4, nyuzi zake zimelala kwa urefu. Ukikamata breki kwa nguvu inaweza kupasuka. Usikubali uwekewe hiyo ya gia kwenye breki, tafadhali. Ncha ikatwe bapa, ipigwe tupa, ivalishwe kofia. Kona ziwe pana. Kisha geuza usukani mpaka mwisho, kulia na kushoto: kava ikivutika, ni fupi.

Ndugu yangu yuko Korogwe, mbali na bahari. Yeye wa zinki unamtosha, mradi autie grisi kidogo.