Magamba kwa baiskeli ya changarawe: uzoefu wangu baada ya safari tatu

Nimeshapanda Magamba, msitu wa milima ya Usambara juu ya Lushoto, mara tatu na baiskeli ileile, mara mbili wakati wa kiangazi na mara moja mwishoni mwa Januari udongo ukiwa bado umelowa. Kila nikirudi Dar, wenzangu tunaoendesha pamoja Jumapili wananiuliza swali moja: hii baiskeli ya changarawe inaziweza njia za kule, au mtu abebe tu ya mlimani? Inaziweza, tena vizuri, ukiwa na gia nyepesi na breki nzima. Kingine chochote kikipungua, utavumilia.

Yangu ni ya mtumba. Fremu ya chuma, usukani uliopinda chini kama wa baiskeli za resi, tairi za milimita 40 zenye vijinundu vifupi, breki za diski za kuvutwa kwa waya. Ni baiskeli inayokimbia kwenye lami lakini ukiingia kwenye vumbi na kokoto haikutupi. Nilipoinunua nilikuwa nawaza barabara za Bagamoyo. Usambara ilikuja baadaye, kupitia rafiki anayetokea Soni aliyesema siijui baiskeli yangu mpaka niipeleke kwao.

Safari ni basi la Lushoto asubuhi, baiskeli kwenye buti. Toa magurudumu yote mawili, uyalaze juu ya mizigo, wala usikubali yalazwe chini. Safari ya kwanza begi la mtu lilikaa juu ya gurudumu la mbele njia nzima, diski ikapinda, nikashinda saa nzima nainyoosha kwa vidole kwenye veranda ya nyumba ya wageni. Ukifika Mombo, mji ulio chini ya milima, unaweza kushuka na kupanda kwa pedeli mwenyewe: ni kilomita 33 za lami hadi Lushoto, kona juu ya kona, karibu mita 1,000 za kupanda. Mimi nimefanya hivyo mara moja. Ni nzuri, lakini malori na mabasi yanapita karibu mno, na aliyekuja kutafuta utulivu hataupata pale.

Utulivu unaanza Magamba. Kutoka Lushoto mjini, ambako ni mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari, unapanda kilomita chache hadi ofisi ya hifadhi. Hii ni Hifadhi ya Mazingira Asilia, iko chini ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania), na malipo ni kwa kontroli namba kwenye simu, hivyo hakikisha una salio kabla hujafika. Chukua mwongozaji. Njia za ndani zinagawanyika mara nyingi, na anayezijua atakuambia ipi ina mti ulioanguka wiki iliyopita. Niliyempata mimi alikuwa kijana wa palepale Magamba, ana baiskeli yake ya kawaida isiyo na gia hata moja, na kwenye mlima aliniacha.

Njia ninayoipenda kuliko zote ni ile ya zamani ya magari ya magogo. Ni pana, mwinuko wake hauzidi mno kwa sababu ilichongwa kwa ajili ya malori, na sasa miti imeifunika kwa juu. Chini kuna udongo mwekundu uliogandamana, kokoto hapa na pale, majani makavu. Hapo ndipo tairi ya milimita 40 inapoonyesha thamani yake. Nilipoacha upepo wa psi 50 niliozoea Dar nikashusha hadi 35 mbele na 38 nyuma (nina kilo 76, na natumia tyubu), baiskeli ilibadilika kabisa: ikaacha kudunda, ikaanza kushika. Kwa mtu atakayesoma hapa na kuchukua jambo moja tu, achukue hilo la upepo. Beba pampu yenye geji, usikadirie kwa kidole.

Kimya cha mle ndani si cha kukosa sauti. Unasikia cheni yako, maji mahali usipopaona, na mara moja moja matawi yanatikisika kwa nguvu, ukiinua kichwa ni mbega, weusi wenye manyoya meupe mabegani, wamekaa wanakutazama. Mwongozaji alinisimamisha kwenye mti mmoja mkubwa wa mkulo, akachuma jani, akalifikicha, akanipa ninuse. Harufu ya kamfa, kali na safi. Akasema, "Kaka, hii ndiyo miti iliyokuwa inatolewa na yale malori." Tulikuwa tumesimama juu ya barabara iliyochongwa ili miti hiyo iondoke, na sasa michanga inaota kwenye kingo zake. Nilikaa pale dakika nyingi kuliko nilivyopanga.

Sasa gia. Yangu ilikuja na sproketi (vigurudumu vyenye meno) ndogo nyuma, kubwa kuliko zote ina meno 32, mbele meno 40. Safari ya kwanza nilisukuma baiskeli kwa mguu sehemu tatu. Niliporudi nikamwambia fundi anifungie ya meno 42 pamoja na direla (kifaa kinachohamisha cheni) ya mkono mrefu, maana direla ya zamani isingeifikia. Hesabu yake ni nyepesi: mbele 40, nyuma 42, pedeli ikizunguka mara moja gurudumu halimalizi hata mzunguko mmoja, unasogea kama mita mbili na kidogo. Ni mwendo wa mtu anayetembea, lakini umekaa kwenye tandiko na pumzi unayo. Safari ya pili na ya tatu sikushuka popote isipokuwa kwenye matope.

Kuhusu breki nina malalamiko, na nitayasema. Aliyeniuzia alinihakikishia kwamba pedi ni mpya. Kwenye barabara za Dar zisizo na milima sikuwa na sababu ya kutia shaka. Siku ya kwanza Magamba, tukishuka kurudi upande wa Lushoto, nikaanza kuvuta breki ya nyuma na mkono ukawa unafika mpaka kwenye usukani bila kitu kutokea. Nikahamia ya mbele, ikashika, ikaanza kulia, kisha nikasikia harufu ya kitu kinachoungua. Mwongozaji akapiga kelele nyuma yangu, "Simama, simama ukutani!" Nikaielekeza baiskeli kwenye ukingo wa udongo upande wa juu, ikajikita, nikasimama. Tulipolitoa gurudumu la nyuma, upande mmoja pedi ilikuwa imekwisha kabisa, imebaki bati tupu likikwangua diski. Upande wa pili ilibaki kama unene wa kadi ya simu. Hiyo haikuwa pedi iliyouzwa ikiwa mpya. Mtu aliniangalia usoni akaniambia ni mpya, na jambo hilo bado linaniuma.

Kwa hiyo, kabla ya kupanda basi, toa pedi zako uzitazame kwa macho. Za aina laini zinashika vizuri zikiwa kavu, ila matope mekundu ya kule yanazila upesi. Sasa natumia zenye chembechembe za chuma. Zina kelele, lakini zinadumu. Kila baada ya mteremko mrefu nakaza skrubu ya pedi kidogo, maana breki za waya hazijirekebishi zenyewe pedi zinapolika. Na usibane breki mfululizo kutoka juu mpaka chini: bana kwa nguvu, achia, bana tena, diski ipate kupoa.

Mahali ambapo baiskeli hii haifai ni vile vijia vyembamba vya miguu vinavyokatisha msituni, vyenye mizizi na ngazi za udongo. Hapo utaumia viganja na mgongo bure. Baiskeli ya mlimani yenye shokapu inavimudu. Mimi niliteremka nikaibeba begani. Januari nayo ilinifundisha kwamba udongo ukilowa unajaa kati ya tairi na fremu mpaka gurudumu linagoma kuzunguka, nikawa nachokonoa kwa kijiti kila mita mia. Kwangu mimi miezi ni Julai hadi Septemba. Baridi ipo, ya kweli, asubuhi vidole vinakufa ganzi kwenye breki. Glavu si anasa.

Pamoja na matope hayo, ni ile safari ya Januari ninayoikumbuka zaidi. Tulitoka msituni jioni, tumepakwa udongo mpaka kwenye nyusi, tukamkuta bibi mmoja ameketi kando ya barabara na ndoo ya mapeasi. "Shikamoo bibi." "Marahaba wanangu, mmetoka wapi hivyo?" Mwongozaji akamjibu kwa Kisambaa, wakazungumza kitambo, bibi akaiangalia ile baiskeli yangu, akabonyeza tairi kwa kidole gumba, akasema haina upepo wa kutosha. Nikamweleza kwamba nimeupunguza makusudi. Hakuridhika. Akanifungia mapeasi kwenye mfuko, akaongeza mawili, akaniambia nikifika mjini nipitie kwa mtu wa pancha.