Saa ya adhana ya mezani: inafaa Kigoma, ila si jinsi inavyotoka dukani

Saa za adhana za mezani, zile zenye kioo cha tarakimu, spika kwa nyuma na kijitabu cha namba za miji, zinauzwa kwenye maduka yale yale yanayouza miswala, tasbihi na udi. Kwa nyumba iliyo mbali na msikiti, kwa mgonjwa asiyetoka ndani, kwa mama anayepika daku peke yake, ni kifaa cha maana na kinadumu kikitunzwa. Lakini kwa mtu wa Kigoma kina hatari moja ambayo muuzaji haitaji: mara nyingi kimesetiwa Dar es Salaam, au Makka, na mnunuzi anakiweka kabatini vivyo hivyo.

Tanzania nzima inafuata saa ile ile, lakini jua haliifuati. Dar es Salaam ipo longitudo ya 39.3 Mashariki, Kigoma 29.6. Kila digrii moja jua linachukua dakika 4, kwa hiyo adhuhuri ya Kigoma inachelewa kwa dakika 38 hadi 39 nyuma ya Dar. Machweo yanaongeza tofauti ya latitudo: pengo la Magharibi linacheza kati ya dakika 35 mwezi Desemba na 42 mwezi Juni. Tabora ipo katikati. Saa iliyosetiwa Tabora ikiletwa Kigoma itawahi kwa dakika 13 hivi.

Kuwahi ndiko kunakoumiza. Swala iliyochelewa kidogo bado ipo ndani ya wakati wake, iliyoswaliwa kabla ya wakati haikusihi, ni batili. Saa ya Dar ikiadhini Adhuhuri, jua la Ujiji, hapa Kigoma, bado linapanda. Na Ramadhani ndiyo balaa, maana mtu anafuturu jua likiwa juu ya ziwa, waziwazi, kwa sababu kiboksi kimesema. Siku nzima ya njaa na kiu imeharibika kwa namba moja ya mji.

Kipimo cha haraka ni hiki, na kinafanyika pale pale dukani: mwambie muuzaji afungue ukurasa wa nyakati za leo, utazame Magharibi. Kigoma mwaka mzima jua halizami kabla ya saa 12 na dakika 50 jioni. Dar es Salaam halifiki hapo, linazama kati ya saa 12 na dakika 12 na saa 12 na dakika 49. Ukiona Magharibi imeandikwa saa 12 na robo au na nusu, saa hiyo haiko Kigoma.

Kuirekebisha si kazi. Saa nzuri inaruhusu kuingiza mahali kwa namba: latitudo 4.9 Kusini, longitudo 29.6 Mashariki, ukanda wa saa +3, na saa za majira ya joto (DST, ile ya kusogeza saa mbele) zizimwe kabisa. Kosa la kawaida hapa ni kuweka Kaskazini badala ya Kusini. Saa haitalalamika, itakupa tu nyakati zenye kasoro ya dakika kadhaa, na hutagundua haraka. Anayeishi Kibondo atumie longitudo 30.7, huko jua linatangulia kwa dakika 4 hivi.

Saa za bei ya chini hazina nafasi ya namba, zina orodha ya miji tu, na Kigoma haimo. Chagua Bujumbura, kisha badilisha ukanda wa saa kutoka +2 kwenda +3, kwa kuwa Burundi iko nyuma yetu kwa saa moja. Tofauti itakayobaki haizidi dakika 4. Mwezi Desemba Magharibi itawahi kidogo, dakika 1 au 2, kwa hiyo weka ihtiyati (tahadhari) ya dakika 3 kwenye kufuturu, na kwenye daku acha kula dakika chache kabla ya adhana. Saa isiyoruhusu hata kubadilisha ukanda, irudishe.

Baada ya mahali kuna mbinu ya hesabu, na hapa ndipo nyumba mbili jirani zinapoadhini tofauti ilhali saa zao zote zimesetiwa mahali sawa. Alfajiri na Isha hupimwa kwa digrii za jua chini ya upeo wa macho. Mbinu ya Rabita (Jumuiya ya Ulimwengu wa Kiislamu) inatumia 18 kwa Alfajiri na 17 kwa Isha, ya Misri 19.5 na 17.5, ya Karachi 18 kwa 18, ya Amerika Kaskazini 15 kwa 15. Umm al-Qura ya Saudia inatumia 18.5 kwa Alfajiri, na Isha wanaiweka dakika 90 baada ya Magharibi, 120 wakati wa Ramadhani. Kwetu karibu na ikweta giza linashuka upesi. Kwa digrii 17, Isha inaingia dakika 65 hadi 71 tu baada ya jua kuzama. Mwenye Umm al-Qura atasubiri bure dakika 19 hadi 25 baada ya mwenzake. Upande wa asubuhi, anayetumia digrii 15 atakula daku dakika 12 hivi baada ya mwenye 18 kufunga kinywa. Uliza msikiti wako unafuata ratiba gani, uifuate hiyo. Kubishana na jirani kwa ajili ya kitufe hakuna thawabu.

Alasiri ina kitufe chake cha madhehebu: Shafii au Hanafi. Wengi wetu ni Mashafii, na kwetu Alasiri inaingia kivuli kinapokuwa sawa na urefu wa kitu, ukiongeza kile kivuli cha adhuhuri. Ikibaki kwenye Hanafi, Alasiri itachelewa kwa saa moja hivi.

Asiyeiamini saa asimamishe kijiti cha mita moja uani, wima kwa timazi. Kivuli kinapofika ufupi wa mwisho, jua liko kati, na Adhuhuri inaingia mara kinapoanza kurefuka. Kigoma hiyo huwa kati ya saa 6 na dakika 45, mwanzoni mwa Novemba, na saa 7 na dakika 16, katikati ya Februari. Karibu na tarehe 8 Machi na 5 Oktoba jua linapita utosini kabisa na kijiti hakina kivuli cha kuonekana: Machi ni kama saa 7 na dakika 12, Oktoba kama saa 7 kasoro dakika 10. Kwa Magharibi usitegemee jicho ukiwa ufukweni Kibirizi. Jua linajificha nyuma ya milima ya Kongo kabla halijazama kwa hesabu, na kujificha siyo kuzama.

Dira iliyobandikwa juu ya saa ni sehemu dhaifu kuliko zote. Mabati, nondo za dirisha na sumaku ya spika yenyewe vinaivuta. Kibla cha Dar es Salaam ni kaskazini karibu moja kwa moja, na wengi wamekuja nacho huku hivyo hivyo. Kigoma ni digrii 20 kutoka kaskazini kuelekea mashariki, Tabora ni 14. Kuna njia isiyohitaji dira: tarehe 28 Mei saa 6 na dakika 18 mchana, na tarehe 16 Julai saa 6 na dakika 27, jua linakuwa juu ya Kaaba, na saa ya Makka ni sawa na yetu. Dakika hiyo, uelekee upande jua liliko. Weka alama sakafuni, umemaliza.

Umeme: betri zikilegea, saa bado inaonyesha muda, lakini adhana ikianza spika inavuta nguvu, volti inashuka, na akili ya kifaa inajizima katikati ya takbira. Ikiwaka tena imerudi Makka. Badilisha betri mapema, zote kwa pamoja, usichanganye mpya na za zamani, na andika namba zako za kuseti kwenye karatasi ubandike chini ya saa. Sikiliza pia adhana ya Alfajiri kabla ya kulipa: lazima iwe na "Asswalaatu khayrun minan nawm", na swala nyingine zisiwe nayo. Mashine zilizotengenezwa kwa haraka zinarudia sauti moja mara tano.

Sauti ndiyo inayogusa wasioswali. Nyumba ya kupanga Ujiji au Mwanga ni vyumba sita, ua mmoja, ukuta usiofika dari. Chumba cha pili kuna Mkristo, cha tatu mvuvi aliyetoka kwenye dagaa na ndiyo kwanza ameweka kichwa, cha nne pengine mtu asiyeamini kabisa. Adhana ya kwenye kifaa ni ukumbusho wa mwenye chumba, na wanazuoni wengi hawaihesabu kuwa adhana yenyewe, basi hakuna sababu ya kuifungulia hadi mwisho. Theluthi moja ya sauti inamwamsha mwenyewe.

Na huyo wa chumba cha nne tumwelewe vizuri. Ukanamungu siyo kutoswali. Wengi wasioswali ukiwauliza wanasema Mungu yupo, na Muha wa kijijini anayemtaja Imana, yaani Mungu, na kuheshimu wazee waliotangulia ni mtu wa imani. Mkanamungu ni yule aliyefikiri akafikia kwamba Mungu hayupo, na Ibara ya 19 ya Katiba yetu inamwachia uhuru huo wa mawazo kama inavyomwachia sheikh uhuru wa imani yake. Hata hivyo siku yake imepangwa na swala. Anasema alfajiri, adhuhuri, alasiri, magharibi, kwa kuwa Kiswahili kimempa majina hayo. Hata wiki anaihesabu kutoka Ijumaa, ndiyo maana Jumamosi ni mosi. Akisimamisha kijiti uani pamoja na sheikh, kivuli watakachokiona ni kimoja. Wanaachana pale kivuli kinapogeuka: mmoja anatawadha, mwingine anaendelea na kazi.

Tarehe ya Hijria kwenye kioo ni hesabu, haijauona mwezi. Iongeze au ipunguze siku moja tangazo la mwandamo likitoka.

Ukilinganisha na programu ya simu, simu inajua mahali ulipo bila kuambiwa, mradi huduma ya mahali iwe imewashwa. Ikizimwa inakisia, na kisio lake mara nyingi ni Dar es Salaam. Pia simu inaisha chaji, inazimwa sauti, inaondoka na mwenye nyumba. Saa inabaki kabatini na mama na watoto wanaisikia. Kwa hilo tunaipendekeza, kwa sharti kwamba muuzaji akuachie uiseti mbele yake na uione Magharibi ya leo imepita saa 12 na dakika 50 kabla hujatoa hela.