Kitabu cha Madina, juzuu ya kwanza: miezi mitatu ya kujifunza Kiarabu

Nilikhitimu Msahafu chuoni, Tanga, nikiwa na miaka 11. Herufi zote 28 nazisoma, irabu nazijua, lakini maana sikuijua hata ya aya moja. Nimesali miaka yote hiyo kwa maneno nisiyoyaelewa, na jambo hilo limeniuma sana.

Nilianza na programu ya simu. Iliandika kila neno kwa herufi za Kilatini, kwa hiyo ح na ه zote zikawa h tu. Baada ya wiki tatu nikaifuta.

Ndipo jirani akanipeleka kwenye darasa la akina mama, mara mbili kwa wiki baada ya Alasiri. Tunasomea kitabu ambacho wengi hukiita cha Madina, alichotunga Dk. V. Abdur Rahim kwa wanafunzi wasio Waarabu. Hakina tafsiri. Somo la kwanza unaona mchoro wa nyumba, pembeni "hadha baytun", hii ni nyumba. Kisha msikiti, mlango, kitabu, kalamu. Hayo mawili ya mwisho ni Kiswahili pia, nani wa kunifundisha? Hata kugawa maneno kwa jinsi ya kike na ya kiume hakukunisumbua: aliyezoea ngeli zetu, mbili ni chache.

Somo la tatu linaleta "al", inayotangulia jina la kitu kuonyesha kwamba ni kile kinachojulikana. Ustadha, mwalimu wetu, akatuonyesha kwamba "hadha baytun" ni sentensi kamili, ila "hadhal-bayt" ni "nyumba hii" tu. Usiku ule nikasoma Suratu Quraish katika Isha, nikafika "rabba hadhal-bayt": Mola wa nyumba hii. Sura niliyoihifadhi tangu utotoni! Nilisimama kimya kitambo kabla ya kuendelea.

Tahadhari kwa Mswahili mwenzangu: maneno tunayoyafahamu ndiyo yanayotuponza. "Haraka" kwao ni mwendo, si kukimbizana na muda. Na "tafadhal" husemwa na anayekukaribisha au anayekupa kitu. Anayeomba husema "min fadhlik". Mimi niliomba kalamu kwa "tafadhal", Ustadha akadhani nampa yangu. Matamshi nayo yanataka kazi. Th, dh na gh tunazo, lakini ع na ق bado zinanitoa jasho.

Msinunue fotokopi. Yangu ya kwanza ilikuwa imefifia hadi nukta hazionekani, na bila nukta ب, ت na ث ni herufi moja. Tafuteni kilichochapwa vizuri. Na kwa kuwa maelezo ni machache mno, mtu asiye na mwalimu atakwama mapema. Kwa anayesoma peke yake sikipendekezi.

Tuko somo la tano sasa, mwendo wa pole lakini nimeridhika nao. Sisi husema kitabu cha Muhammad, wao hawana "cha", huyaweka maneno mawili pamoja: "kitabu Muhammadin". Nimeyaandika kwenye karatasi, nimebandika juu ya jiko.