Rejeta ya shaba tupu na Double Protect Ultra: uzoefu wangu

Nianze na jibu, ili mwenye haraka asisubiri. Rejeta ya Alphacool NexXxoS ya shaba tupu, ile inayotoa joto la maji yanayopoza kompyuta, nimeridhika nayo na ningeinunua tena. Kimiminiko cha Double Protect Ultra cha Aqua Computer nacho ni kizuri, ila asikinunue mtu kwa tumaini la kuokoa mfumo uliochanganya shaba na alumini. Kazi hiyo si yake, na sijaona chupa yoyote inayoiweza kwa muda mrefu katika mzunguko ambao mtu anaujaza mwenyewe.

Nimevitumia vyote viwili pamoja kwa zaidi ya mwaka, vikipoza prosesa na kadi ya michoro. Hivi karibuni nilimwaga kimiminiko chote, nikafungua bloku zote, yaani vile vipande vya metali vinavyokaa juu ya prosesa na kadi huku maji yakipita ndani yake, na kumulika tangi kwa tochi. Mifereji ya bloku, ile myembamba kama mikwaruzo ya wembe, ilikuwa wazi mwanzo hadi mwisho. Rangi ya shaba ilikuwa imefifia kidogo, jambo la kawaida kwa shaba inayokaa majini. Unga mweupe hapakuwa nao, wala ute, wala ukoko wa kijani.

Ute huo naujua kwa sababu niliuona kwenye mashine ya rafiki yangu. Aliuziwa seti iliyoandikwa kwamba rejeta yake ni ya "metali bora", basi. Metali gani, kimya. Ilikuwa alumini, na bloku ilikuwa shaba. Joto la prosesa lilipanda taratibu mwezi hadi mwezi, akabadilisha pampu bila mafanikio, mpaka tulipofungua bloku tukakuta mifereji imezibwa na kitu cheupe kizito kama uji. Ile ilikuwa haidroksaidi ya alumini: rejeta yenyewe iliyolika, ikasafiri na maji na kukwama mahali penye njia nyembamba kuliko zote. Mnunuzi ana haki ya kuambiwa jina la metali anayoilipia. Muuzaji anayelikwepa mimi siweki oda kwake.

Kinachotokea ni hiki. Metali mbili tofauti zikikaa kwenye maji yenye ioni (chembe zenye chaji ya umeme) na zikawa na njia ya umeme kati yao, tayari ni betri, na ile inayoachia elektroni kwa urahisi ndiyo inayoliwa. Katika jedwali la volti sanifu, linalopanga metali kwa wepesi wa kuachia elektroni, shaba iko kwenye +0.34 na alumini kwenye -1.66, tofauti ya volti 2 kamili. Ndani ya mzunguko halisi tofauti hupungua, kwa kuwa alumini hujifunika ngozi nyembamba ya oksaidi. Lakini ngozi hiyo hutoboka, na inapotoboka ulaji hujikita pale pale na kuchimba shimo. Ndiyo maana rejeta ya alumini inaweza kuonekana nzima kwa nje huku ukuta wake umebaki karatasi. Shaba njano (mchanganyiko wa shaba na zinki) na nikeli zenyewe hukaa jirani na shaba, kwa hiyo huishi pamoja vizuri mradi kimiminiko kina kizuia kutu.

Kuna hoja inayorudiwa sana: mipira ya maji haipitishi umeme, basi rejeta na bloku hazijaunganishwa, hofu ya nini? Kwanza, rejeta imefungwa kwa skrubu kwenye kesi ya chuma, na rangi iliyopakwa juu yake si kinga ya kutegemea. Pili, na hili ndilo zito, hata ukizitenga kabisa bado shaba huachia ioni chache majini. Ioni hizo huzunguka na maji, zikifika kwenye alumini hugeuka chembe za shaba zilizoganda ukutani mwa rejeta. Kila chembe sasa imegusana na alumini moja kwa moja. Hapo betri ndogo zimejijenga zenyewe ndani ya rejeta, bila waya wowote. Natamani kila anayejenga mfumo wa maji alielewe jambo hili kabla ya kununua hata skrubu moja.

Hoja ya maji yaliyokenekwa nayo ina ukweli nusu. Siku ya kwanza maji hayo karibu hayapitishi umeme. Lakini yakigusana na hewa hufyonza kaboni dioksaidi mpaka pH, kipimo cha uasidi, ikashuka kufikia karibu 5.6, na huokota ioni kwenye kila metali yanayoipitia, pamoja na mabaki ya dawa ya kulehemia yaliyobaki ndani ya rejeta mpya.

Hapo ndipo lawama yangu pekee ya maana kwa rejeta hii. Ilikuja na uchafu ndani. Niliijaza maji ya moto yaliyokenekwa, nikaitikisa, nikamwaga, nikarudia mpaka maji yakatoka safi yasiyo na chembe. Ni kazi ya kuchosha mikono kwa sababu rejeta nene ya shaba ni nzito. Mapezi nayo ni laini, ukiyashika vibaya yanapinda. Zaidi ya hayo sina malalamiko. Nyuzi za skrubu za kipimo cha G1/4, ambako maungio ya mipira hufungwa, zilikaa sawa, hakuna pango lililovuja, na joto limetulia.

Uzito huohuo una faida yake dukani. Shaba ina takriban gramu 8.96 kwa kila sentimita moja ya ujazo, alumini 2.7 tu. Rejeta kubwa inayoinuliwa kwa vidole viwili bila shida, itilie shaka. Sumaku haisaidii hapa, kwani hainasi shaba wala alumini. Njia nyingine ni kuchungulia nyuzi ndani ya pango la kuingizia maji, ambako rangi huwa haifiki: ukiona njano au wekundu, vizuri, ukiona rangi ya fedha, muulize muuzaji kwa maandishi. Inaweza kuwa shaba iliyopakwa nikeli, inaweza kuwa alumini. Na usiishie kwenye rejeta. Alumini hupenda kujificha kwenye vitu vidogo: kifuniko cha tangi, kipimo cha mtiririko, maungio ya bei nafuu yenye rangi za kuvutia. Kipande kidogo cha alumini katikati ya shaba nyingi kiko kwenye hatari kubwa zaidi, kwa sababu eneo dogo ndilo linalobeba mzigo wote wa ulaji.

Kuhusu Double Protect Ultra. Huja ikiwa imeshachanganywa, unamimina tu. Ndani yake kuna glaikoli ya ethilini na dawa za kuzuia kutu. Kwa jumla vizuia kutu vya shaba, kama benzotriazoli, hufanya kazi kwa kujibandika juu ya metali na kuifunika utando mwembamba. Utando huo una mipaka. Dawa hutumika, hupungua, na glaikoli nayo huchakaa na kuzaa asidi. Ndiyo sababu mimi hubadilisha takriban kila mwaka hata kama kimiminiko bado kinang'aa. Nimechagua kisicho na rangi. Vya rangi vinapendeza, lakini mimi nataka kuona maji yakibadilika, na rangi ya dukani huficha dalili hiyo.

Usiongeze chochote humo. Wapo wanaotia waya wa fedha safi kuzuia mwani, desturi ya zamani kwenye mifumo ya maji. Fedha iko kwenye +0.80 katika jedwali lile lile, juu hata ya shaba, na kwa bloku iliyopakwa nikeli hiyo ni kuongeza mgeni asiyehitajika. Wapo pia wanaodondoshea salfeti ya shaba. Kwenye mfumo wenye alumini huko ni kupeleka zile ioni za shaba kwa makusudi. Kimiminiko chenye glaikoli ya kutosha hakihitaji hayo. Na tafadhali, glaikoli ya ethilini ni sumu ikinywewa, na ladha yake ni tamu. Chupa ikae mbali na watoto na wanyama, na iliyomwagika ifutwe mara moja.

Bloku yangu ya kadi ya michoro ni shaba iliyopakwa nikeli, na nilikuwa na wasiwasi nayo kuliko kitu kingine. Nikeli ikiwa nyembamba au ikiwa na vitundu, maji hupenya hadi kwenye shaba iliyo chini na tabaka huanza kubanduka. Niliikagua kwa kioo cha kukuza. Kona zote zimeshikamana.

Swali ambalo najua litakuja: mbona vipoza vilivyofungwa kiwandani vingi vina rejeta ya alumini na bamba la shaba, na watu wanavitumia miaka? Ni kweli. Vinajazwa kiwandani kwa kipimo maalumu cha vizuia kutu, vinazibwa, mtumiaji haongezi maji wala habadilishi sehemu, na kifaa chote hutupwa kikichoka. Hata hivyo si kwamba ulaji haupo; umepunguzwa mwendo tu ili udumu muda uliopangwa. Mzunguko unaofunguliwa na kujazwa nyumbani hauna masharti hayo hata moja.

Kama bajeti inakusukuma kwenye alumini, nenda nayo yote. Mwaka 2017 EK, kampuni ya vifaa vya kupoza kompyuta kwa maji, ilitoa seti za Fluid Gaming ambazo rejeta na bloku zote ni alumini, na kampuni ilisema wazi zisichanganywe na sehemu za shaba. Huo ni mpango wa haki. Alumini hupitisha joto takriban wati 237 kwa mita kwa kelvini dhidi ya karibu 400 za shaba, lakini tofauti hiyo haijawahi kuharibu kompyuta ya mtu. Shida huja siku unapotaka kuongeza bloku ya kadi mpya, maana nyingi sokoni ni za shaba. Wakati huo rejeta ya alumini itoke kwanza, mipira ioshwe, na kimiminiko cha zamani kisirudishwe ndani.