Unataka BMS isome umeme na maji ya jengo? Nunua mita hizi, kwa mpangilio huu

BMS ni mfumo wa kompyuta unaosimamia mitambo ya jengo, na kontrola ni kile kifaa chake kinachounganishwa na mita. Kabla hujaangalia bei jiulize swali moja, kontrola ya BMS ikizimika masaa mawili, hesabu inabaki wapi? Mimi napanga kila kitu kwa hilo tu.

Kwa umeme namba moja ni mita ya Modbus RTU, yaani inayoongea na kontrola kwa waya kwa lugha ya Modbus. Hesabu inakaa ndani ya mita yenyewe, BMS inakuja kuisoma tu, kwahiyo hata mawasiliano yakikatika siku nzima yakirudi unakuta jumla iko sahihi, ulichokosa ni mchoro wa yale masaa ya katikati. Modbus ipo tangu 1979 na karibu kila kontrola inaielewa. Kazi iko kwenye jedwali la rejista, yaani orodha ya vyumba vya kumbukumbu ambamo mita inaweka namba zake, maana namba kubwa inagawanywa kwenye rejista mbili za biti 16 na zikisomwa kinyume skrini inakuonyesha mabilioni ya yuniti, halafu kuna watengenezaji wanaoanza kuhesabu rejista kwenye 0 na wengine kwenye 1. Muuzaji akikwambia jedwali atatuma baadae, achana nae, dai kwanza ndo ulipe.

Namba mbili BACnet, lugha nyingine ya mawasiliano, hii ya mifumo ya majengo. Kuiunga ni raha kwelikweli, mita inajitambulisha yenyewe na majina yake na vipimo vyake. Kinachoishusha kwangu ni kwamba nyingi zinatoa jumla kama namba ya desimali ya biti 32, na hiyo ikishavuka 16,777,216 haiwezi tena kuongezeka moja moja. Unaweza kusema hiyo ni mbali sana, lakini mita inayohesabu kwa Wh (elfu moja ndo yuniti moja, yaani kWh) inafika hapo kwenye yuniti 16,777 tu! Chagua inayotoa kWh. Na hata mita za Modbus zinazotoa desimali waulize hivohivo.

Kwa maji na joto M-Bus, mawasiliano yaliyotengenezwa kwa ajili ya mita, inapanda juu kabisa, waya mbili zinabeba data na umeme wa kuiendesha mita, ukizigeuza hakuna neno. Utahitaji kigeuzi cha kuiunga na BMS, na kama mita ina betri isome mara moja kwa saa, usiibane kila dakika.

Mwisho mita za palsi, zile zinazotuma mpigo mmoja wa umeme kila kiasi fulani kikipita. Ni rahisi ndio, ila anaehesabu ni kontrola sio mita. Nilishasimama mbele ya mita ya maji jumatatu asubuhi, usoni 48,312, kwenye skrini 47,960, kumbe wikendi kontrola ilikuwa imezima na zile palsi zote zilipotea moja kwa moja, na bili za wapangaji zilikuwa zishatoka. Palsi nunua kama ni ya kufuatilia matumizi tu, kwa bili hapana.

Yoyote utakayochukua, ukiacha ile ya betri, hifadhi jumla ya mita kila dakika 15, yaani mara 96 kwa siku, na hakikisha zinahamia kwenye seva kwasababu kumbukumbu ya kontrola ikijaa inafuta za zamani. Uwiano wa CT (kifaa kinachopunguza mkondo mkubwa ili mita iweze kuupima) nao uangalie, 200/5 ni mara 40, na ukiingizwa kwenye mita na kwenye BMS pia hesabu itazidishwa kwa 40 halafu tena kwa 40. Fundi asiondoke mpaka msimame wote mbele ya mita, mmoja asome usoni mwingine skrini, namba zifanane.