Gereji ya kunyoosha bodi Tabata: kazi safi ila ahadi sasa

Kuna mtu na Noah yake alinikwangua ubavu wote wa IST kwenye foleni ya Buguruni akachomoka zake, namba hata sijaiona. Ningeidaka ningeingia mtandao wa TIRA, ile mamlaka ya bima, kucheki bima yake, lakini ndo hivyo, na mimi nina bima ndogo ambayo inamlipa uliyemgonga wewe, gari lako unajijua. Wenye bima kubwa, ile inayolipa hata gari lako, wahini trafiki kwanza mpate ripoti, gari isiguswe na fundi.

Basi nikapelekwa gereji moja ya uchochoroni Tabata. Kunyoosha bati jamaa wanajua aisee, mlango ulikuwa umeingia ndani nikajua watajaza puti tu, ile lami ya kuziba mabonde, kama wengine, kumbe wanafungua kadi ya mlango, lile kava la ndani, wanasukuma kwa ndani taratibu, puti kidogo sana juu. Rangi ndo nilikuwa naogopa, silva ikikosewa gari inakuwa kama ndizi ya madoa, ila fundi alifungua boneti akasoma namba ya rangi kwenye kibati pale palipoandikwa C/TR, akaenda kuchanganyisha, juani huoni tofauti.

Shida yao muda. "Kesho boss" ya huyu fundi haina mwisho, na simu hapokei. Risiti pia usisahau kudai.

Jumla laki tatu, nikapunguziwa kidogo. Taa ya nyuma nilifuata mwenyewe Ilala, used, ukimwagiza yeye bei inapaa.