Uzoefu wangu wa kupanda L-39 Albatros, kiti cha nyuma

Kwa raia anayetaka kuruka na ndege ya kijeti ya kijeshi, L-39 Albatros, ndege ya kufundishia marubani, ndiyo inayopatikana kirahisi. Iliruka mara ya kwanza huko Czechoslovakia mwezi Novemba 1968, zikaundwa karibu 2,900, na nyingi zilizostaafu jeshini ziko mikononi mwa watu binafsi. Mimi niliipanda Jamhuri ya Cheki, kwao kabisa.

Abiria hukaa nyuma, na utamu uko hapohapo. Hicho ni kiti cha mwalimu, kimeinuliwa ili aone njia ya kurukia juu ya kichwa cha mwanafunzi. Matundu ya kuvuta hewa nayo yamewekwa juu, mabegani mwa ndege, injini isije ikameza kokoto. Ndiyo maana hutua hata kwenye uwanja wa nyasi.

Ikiwa chini inachekesha. Gurudumu la mbele halina usukani, linajigeukia lenyewe. Breki ni wenzo ulio kwenye fimbo ya rubani, mfano wa breki ya baiskeli. Unaubana, kisha pedeli ndizo zinazoamua gurudumu la upande gani likazwe zaidi. Tulikwenda tukiyumba hadi mwanzo wa njia.

Kasoro yake ni injini. Injini hiyo, AI-25TL, ukiitaka nguvu zote kutoka mwendo wa chini kabisa, huchukua sekunde kama kumi kuitika. Rubani alinionyesha tukiwa juu: kasukuma wenzo wa nguvu, mlio unapanda taratibu, ndege imetulia tu, wala haina habari. Sasa fikiria mwanafunzi anakuja kutua, mwendo umempungua! Lakini ndege hii ni shule, na somo la kwanza ni kuwaza kabla mambo hayajaharibika.

Nilipoachiwa fimbo niliikuta nyepesi, haina hila. Ukiigusa kidogo, inageuka kidogo. Mwendo wake wa juu ni kama 750 km kwa saa, na ikikaribia Mach 0.78, yaani asilimia 78 ya mwendo wa sauti, breki za hewa, vibao vya kupunguza mwendo, hufunguka zenyewe chini ya tumbo. Kwenye mzunguko wa wima mkono ulikuwa mzito hata kuuinua, mashavu yakavutwa chini. Kaza mapaja na tumbo, vuta pumzi fupifupi, inasaidia kweli.

Kampuni yenyewe sikuipenda kwenye malipo: video ilitozwa pembeni, tena tumeshatua. Ila kiti cha kufyatuka, kinachomrusha mtu nje ya ndege wakati wa hatari, walikieleza vizuri. Hiki cha zamani, VS-1, ukiwa ardhini kinahitaji ndege iwe na mwendo wa 150 km kwa saa ndipo kikuokoe. L-39NG, toleo jipya lililoruka 2018, ina kiti kinachofanya kazi hata ndege ikiwa imesimama, na injini ya Williams FJ44.

Anayetafuta mbio za kujigamba haimfai. Anayetaka kushika fimbo mwenyewe, alipe bila wasiwasi, na asubuhi hiyo asile chapati.